Uji wa saa nne umechelewa: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Arusha

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu nyingi. Tunakuandikia sisi tunaoshughulika na lishe ya watoto wa shule hapa Arusha: maafisa lishe, walimu wa madarasa ya chini na wapishi wa shule. Tunalo ombi moja. Kabla shule haijakubali hata chupa moja ya "dawa ya akili", tuchungulie kwanza sufuria.

Kila shule zinapofunguliwa, vikao vya wazazi hupata wageni wenye katoni: sharubati za vitamini, vidonge vya mafuta ya samaki, unga wa kopo wenye picha ya mtoto aliyevaa miwani. Mzazi ambaye mwanawe hatulii, au anasinzia darasani, anaambiwa ubongo umekosa kitu na kitu hicho kimo humo koponi. Ni kweli, mara nyingine mwili umekosa kitu. Ila kwa mtoto wa Muriet, Sombetini au Unga Limited, cha kutazamwa kwanza ni chakula cha asubuhi, kisha madini ya chuma, kisha madini joto (ayodini) ya kwenye chumvi. Vyote vitatu havihitaji kopo.

Tuhesabu saa. Mtoto amekula ugali saa 2 usiku. Ameamka saa 11 na nusu alfajiri, ametembea hadi shuleni, amefagia uwanja, amesimama mstarini, na saa 2 asubuhi kipindi cha kwanza kinaanza, mara nyingi Hisabati. Uji unakuja saa 4. Hapo tumbo limekaa saa 14 bila kitu. Ubongo wa mtoto wa miaka 5 hula karibu theluthi mbili ya nishati yote ambayo mwili wake unatumia ukiwa umepumzika, na ini lake ni dogo, haliweki akiba ya kumfikisha mbali. Njaa ya mtoto haifanani na ya mtu mzima aliyefunga. Mtoto anachokoza wenzake, analia kwa jambo dogo, au anakodolea ubao macho bila kuusoma. Kwenye ripoti anaandikwa "mtundu" au "mzito". Tunaomba uji unywewe kabla ya kipindi cha kwanza, au angalau mara tu baada yake. Gharama yake ni mpishi kuwahi na kuni kulazwa ndani jioni ili zisiloe umande.

Uji wenyewe una kipimo. Kwa watoto 100: unga kilo 4, maji lita 30, sukari kilo 1, na baada ya kuchemka uendelee kuiva dakika 20 huku ukikorogwa. Unaharibikia hapa: siku wakija watoto 140, mpishi huongeza maji, haongezi unga, kwa kuwa stoo imefungwa na mwenye ufunguo yuko kikaoni. Wanachokunywa siku hiyo ni maji ya moto yenye rangi. Mizani ya kilo 10 jikoni, na unga wa akiba ya siku mbili alioachiwa mpishi, vinamaliza tatizo hilo.

Huu unaoitwa unga wa lishe tuuzungumze kwa uwazi, maana wengi wanaupenda. Nafaka nane ndani ya mfuko mmoja hazina faida kuliko mbili zilizoandaliwa vizuri. Soya ikisagwa mbichi ina kizuizi kinachomfanya mtoto ashindwe kumeng'enya protini, na uji wa dakika tano hauwezi kukiua. Soya ichemshwe au ikaangwe kwanza, ndipo isagwe. Karanga zilizosagwa huchacha upesi, na zikiwa na ukungu zinaleta sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Dona vipimo vitatu na soya iliyokaangwa kipimo kimoja vinatosha. Kwa dona, sagisheni ya wiki mbili tu, kwa kuwa kiini cha mahindi kina mafuta na unga wake hauvumilii kukaa.

Mahindi nayo yapimwe kabla ya kushushwa kwenye gari la mzabuni. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia chumvi iliyokaushwa vijiko vitatu, jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15. Yarudi yalikotoka. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na Manyara ni jirani zetu wa mlango wa pili.

Sasa makande, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu jibu kubwa limo humu.

Kati ya 1998 na 2000, huko Embu nchini Kenya, watafiti walizigawa shule 12. Baadhi ya watoto walipewa githeri, ambayo ni makande haya haya, ikiwa imeongezwa mafuta. Wengine githeri na kikombe cha maziwa. Wengine githeri yenye nyama ya kusaga. Na shule nyingine hazikupewa kitu. Waliokula yenye nyama ndio waliopanda zaidi kwenye mtihani wa kufikiri kwa kutumia michoro, na uwanjani walionekana wakianzisha michezo na kuwaongoza wenzao. Kundi la maziwa halikupata faida hiyo. Tunajua ni neno zito kulisema Arusha, mbele ya watu waliolelewa kwa kibuyu cha maziwa, na hatusemi maziwa ni mabaya. Ila maziwa hayana chuma cha kutosha, na kalisi yake hupunguza ufyonzaji wa hicho kidogo kilichopo. Nyama ina chuma kinachofyonzwa kirahisi, ina zinki, ina vitamini B12.

Nyama ya kila siku haitawezekana, tunalijua hilo. Dagaa wanawezekana. Kwa watoto 100: mahindi kilo 12, maharage kilo 4, mafuta lita 1, chumvi gramu 300, na dagaa wakavu kilo moja na nusu. Waoshwe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, maana waliokaushwa mchangani hubeba mchanga, na mtoto akishauma mchanga mara moja hatawagusa tena. Wakaangwe bila mafuta hadi harufu ipungue, watwangwe, unga wao uingie sufuriani dakika 15 za mwisho.

Maharage nayo yana chuma, lakini ndani ya mikunde na nafaka kuna fitati, nayo hukishika chuma hicho kikapita tumboni bila kufyonzwa. Dawa yake ni kuloweka mahindi na maharage usiku kucha na kuyamwaga maji yale asubuhi. Kisha kila mtoto apate kitu chenye vitamini C pamoja na mlo, si saa mbili baadaye: nusu chungwa, au pera, ambalo linalipita chungwa kwa mbali. Na chai ya rangi isiandamane na makande. Kikombe kimoja hupunguza kwa zaidi ya nusu chuma ambacho kingefyonzwa. Chai inywewe saa moja baadaye, au isinywewe.

Magadi ni kisa kingine. Wapishi hutia magadi kwa sababu maharage ni ya msimu wa juzi, magumu kama kokoto, na kuni ni chache. Hatuwalaumu. Lakini magadi huua vitamini B1, na magadi yetu ya kanda hii yana floraidi, madini yanayotia meno madoa ya kahawia, juu ya ile iliyomo tayari kwenye maji yetu. Maharage ya msimu huu, yaliyolowekwa, hayahitaji magadi.

Tukiwa hapo kwenye maji: Watanzania wengine humtambua mtu wa Arusha kwa meno, na utani huo una ukweli. Kiwango cha floraidi kinachoruhusiwa ni miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi nyingi za mlima Meru zinakipita. Mwaka 2024 mpango wa taifa wa uchunguzi wa sumu nchini Marekani ulihitimisha, kwa uhakika wa wastani, kwamba maji yanayozidi kiwango hicho yanahusiana na alama za chini za vipimo vya akili kwa watoto. Kuchemsha hakusaidii, bali kunazidisha: maji yanapaa, floraidi inabaki. Makande yanayokaa motoni saa tatu na kuongezewa maji kila yanapokauka hukusanya floraidi ya maji yote yaliyopitia humo. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Tunaomba kila shule yenye kisima au bomba linalozidi kiwango iwekewe mfereji wa bati na tanki la jikoni, litumike kupikia na kunywa tu. Ya kudekia yatoke kokote.

Kwa vidonge vya chuma tunaomba uangalifu mkubwa. Kisiwani Pemba, utafiti uliotoka 2001 ulionyesha kuwa chuma kiliboresha lugha na mwendo wa watoto wadogo wenye upungufu wa damu. Kisiwani humo humo, utafiti wa 2006 uliwapa watoto wadogo chuma na asidi foliki bila kuwapima kwanza, na kulazwa hospitali na vifo vikaongezeka, kwa kuwa malaria ilikuwa nyingi. Mjini Arusha malaria ni kidogo, ila likizo ikifika watoto wako kwa bibi Mto wa Mbu. Kwa hiyo kupima kwanza. Mwalimu anaweza kuanza kwa kulinganisha kiganja cha mtoto na cha mwenzake: kilichopauka kiende zahanati. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, himoglobini ya damu chini ya gramu 11.5 kwa desilita ni upungufu. Mtoto anayekula udongo naye apimwe, hata kama viganja vyake ni vyekundu.

Na akipewa vidonge, wazazi wajue wanachoshika. Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina chuma chenyewe miligramu 65 tu. Anayepanga dozi ahesabu kwa namba hiyo ya pili. Choo kitakuwa cheusi, wasiogope. Damu huanza kupanda ndani ya mwezi, lakini dawa iendelee hadi miezi mitatu ili akiba ya mwili ijae. Wengi huacha mara mtoto anapochangamka, na muhula unaofuata amerudi palepale. Vifungiwe kabatini: kumi tu vinaweza kumuua mdogo wake wa kilo 10 aliyedhani ni pipi.

Minyoo: albendazo ya miligramu 400, mara moja au mbili kwa mwaka, hilo linafanyika na liendelee. Madini joto: chumvi ya shule iwe ya pakiti iliyofungwa, si ya kiroba kilicho wazi juani, na itiwe sufuria ikikaribia kuepuliwa.

Sasa wale wa katoni. Watafiti wa Oxford walitoa matumaini mwaka 2012 kwamba mafuta ya samaki huwasaidia watoto wasomao kwa shida. Walipourudia utafiti, majibu ya 2018 hayakuonyesha faida ile. Kuhusu sukari, wazazi hushangaa tukisema haimfanyi mtoto awe mtundu, lakini majaribio yaliyojumlishwa pamoja mwaka 1995 hayakuona sukari ikileta utundu. Soda ya saa 4 inaharibu meno na kuua hamu ya makande, hiyo inatosha kuikataa. Rangi ndizo zenye neno. Mwaka 2007 utafiti wa Southampton, Uingereza, uliona kuwa mchanganyiko wa rangi za viwandani na kihifadhi kimoja uliongeza kidogo utukutu wa watoto, na tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka onyo kwenye pakiti zenye rangi hizo. Sasa tazama barafu za rangi na ubuyu mwekundu pale getini. Ubuyu mtupu, mweupe, una vitamini C nyingi na ungefaa kabisa kuandamana na makande. Mwenye kibanda hana haja ya kufukuzwa. Aambiwe auze usiotiwa rangi.

Tunajua ile shilingi 1,000 inayotengwa kwenye mapato ya ndani ni kwa watoto walio chini ya miaka 5, na kwamba chakula cha shuleni ni michango ya wazazi. Ndiyo maana hatukuombi kununua virutubisho. Tunaomba waraka mmoja kwa wakuu wa shule: uji kabla ya kipindi cha kwanza, mizani jikoni, mahindi yapimwe kwa chupa ya chumvi kabla ya mzabuni kusaini, magadi yakome, na mtu yeyote asiuze vitamini kwenye kikao cha wazazi mpaka Afisa Lishe ameona usajili wake wa TMDA (mamlaka ya dawa) kama ni dawa, au wa TBS (shirika la viwango) kama ni chakula. Matanki tunajua yatasubiri bajeti.

Chagua shule yoyote. Jumamosi utakayoitaja tutakuwa jikoni pamoja na wapishi tangu saa 12 asubuhi. Maharage tutakuwa tumeyaloweka Ijumaa jioni, na chupa ya chumvi tutakuja nayo.

Wako katika kazi,
Maafisa lishe, walimu na wapishi wa shule, Arusha