Mgonjwa wa saratani ya kongosho apimwe vinasaba mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie saratani ya kongosho katika familia zenye hatari ya kuurithi ugonjwa huo. Mgonjwa anapofikishwa hospitalini, madaktari hushughulikia, na ndivyo inavyopaswa, manjano (ngozi na macho kuwa ya njano), maumivu na uwezekano wa upasuaji, lakini mara nyingi hakuna anayekumbuka kuagiza damu yake ipimwe vinasaba. Kwa kuwa wengi hufariki miezi michache tu baada ya kugunduliwa, nafasi hiyo ikipita hairudi, na watoto wake hubaki na hofu isiyo na jibu.

Sidai kwamba kila mtu achunguzwe kongosho. Mwaka 2019 jopo linaloishauri Marekani kuhusu huduma za kinga lilirudia msimamo wake kwamba watu wasio na dalili wasichunguzwe, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni adimu na majibu yenye utata yanaweza kumfikisha mtu mwenye afya kwenye upasuaji mkubwa asiouhitaji. Hivyo, mtu anayeuziwa kipimo cha damu cha CA 19-9, yaani kemikali ambayo mara nyingi huongezeka kwa wagonjwa wa saratani hii, kama kinga aelezwe ukweli: kiwango cha kemikali hiyo hupanda hata mfereji wa nyongo unapozibwa na mawe tu, na wapo watu ambao miili yao haiitengenezi kabisa. Hata hivyo, jopo hilo halikuwajumuisha katika katazo lake watu wenye hatari ya kurithi, na hao ndio ninaowasemea.

Takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi huugua kwa sababu inayohusiana na urithi. Miongoni mwa jeni zinazohusika ni ATM, PALB2, CDKN2A na BRCA2. Hii ya mwisho inahitaji kuangaliwa zaidi, kwani hitilafu yake huongeza pia hatari ya saratani ya matiti, ya ovari na ya tezi dume. Binti anayetibiwa matiti na baba aliyefariki kwa manjano huenda wakawa na chanzo kimoja, ingawa familia chache huyaunganisha mambo hayo, hasa pale inaposemwa tu kwamba marehemu alisumbuliwa na tumbo au sukari. Mzazi mwenye hitilafu hiyo humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu; na mtoto aliyeirithi bado hana saratani, na huenda asiipate maishani mwake.

Faida ya kumfuatilia mtu wa aina hii imeonekana katika mpango unaoongozwa na chuo kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022, kati ya watu 1,461 walioandikishwa, 10 walipata saratani ya kongosho. Tisa waligunduliwa wakiwa katika ufuatiliaji, na saba kati yao walikuwa hatua ya kwanza; wa kumi aliacha kufuatiliwa, na miaka minne baadaye alikutwa saratani imeshasambaa. Idadi ni ndogo, tena kugundua mapema kunaweza kuufanya muda wa kuishi uonekane mrefu hata pale siku ya kifo isipobadilika. Lakini uvimbe wa hatua ya kwanza kwa kawaida unaweza kuondolewa kwa upasuaji, na upasuaji ndio tegemeo kuu la kupona ugonjwa huu.

Ufuatiliaji wenyewe hufanywa kila mwaka, kwa MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) au kwa kumeza mpira wenye ultrasaundi ya kuangalia kongosho kwa karibu. Kwa wengi huanza wakiwa na miaka 50, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu aliyeugua akiwa mdogo zaidi aliupata ugonjwa huo. Si kazi ya kila kituo. Inahitaji madaktari waliozoea kutofautisha uvimbe wa kutisha na ule usio na madhara.

Ndiyo maana naziomba wizara za afya na hospitali za rufaa zianzie kwa mgonjwa. Damu yake ichukuliwe wiki ile ile anapogunduliwa, kwa ridhaa yake, maana hata uchaguzi wa dawa zake unaweza kutegemea jibu hilo. Watoto waliofikia utu uzima waachiwe uhuru wa kupima au kutopima. Na fomu iwe na nafasi ya jina la ndugu atakayepokea majibu, kwani huenda yakatoka mgonjwa mwenyewe akiwa hayupo.

Wako,
Msomaji, Dar es Salaam