Pesa ya zile sindano za papa sitatuma

Liège, Ubelgiji

Yaya Furaha,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote wa Kadutu. Sauti ya Dieudo nimeisikia mpaka mwisho: eti mimi ninayefanya kazi ya dawa hizo hizo nimekuwa mgumu kutoa dola 600 kwa ajili ya baba yangu. Neno hilo limeniuma. Mlikaa kikao, mkapatana bei ya sindano za kutibu ugonjwa wa Parkinson wa papa na yule muuzaji, halafu mimi nikatafutwa siku ya kulipa. Sitatuma, na kila aliyekaa kwenye kikao asomewe sababu.

Muuzaji anasema peptidi yake, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino (vipande vinavyojenga protini), "inanyoosha protini za ubongo". Amechukua jambo la kweli akalifanyia biashara ya uongo. Katika ugonjwa wa papa, protini iitwayo alfa-sinukleini, mnyororo wa asidi amino 140, inajikunja vibaya, inalala bapa na kushikana na nyingine, hadi unatokea uzi mgumu ambao seli inashindwa kuuvunja. Tunachotafuta kwenye maabara yetu ni minyororo mifupi, mara nyingi ya asidi amino 5 hadi 12, inayofanana na kile kipande kinachonata. Upande mmoja unaishika protini. Upande wa pili tumeuziba, kwa prolini (asidi amino yenye kona) au kwa kikundi kidogo cha methili juu ya nitrojeni, ili protini inayofuata ikose pa kushikia. Ni kama kusuka mkeka ukatia ukindu ulioungua pembeni: msuko unaishia pale. Claudio Soto na wenzake walionyesha hivyo mwaka 1998 kwa peptidi ya asidi amino 5 dhidi ya protini ya ugonjwa wa Alzheimer. Huko Bath, Uingereza, kikundi cha Jody Mason kimepata moja ya asidi amino 10 dhidi ya alfa-sinukleini. Kwa ugonjwa wa papa hakuna hata moja iliyofika farmasi, hata huku Ulaya.

Dieudo anadhani ni unga wa kukoroga. Mnyororo unajengwa juu ya chembe za resini, kama punje ndogo za plastiki, asidi amino moja baada ya nyingine. Kila safari unaondoa kifuniko kinacholinda ncha ya mnyororo kwa kemikali ya piperidini ya 20%, unaosha, unaunga inayofuata, unaosha tena. Kila muungano ukifaulu kwa 99%, mnyororo wa asidi amino 30 unaupata mzima karibu robo tatu. Ukifaulu kwa 95%, hupati hata robo. Kinachobaki ni vipande vyenye mapengo. Na peptidi zetu ndizo zenye taabu zaidi, kwa sababu kinachozifanya zishike protini ya ugonjwa kinazifanya zishikane zenyewe juu ya resini. Kisha unazikata kwa asidi trifluoroasetiki ya 95%, unazisafisha kwa kromatografia (njia ya kuzitenga na uchafu), unahakikisha uzito wa molekuli, na asidi iliyobaki unaibadilisha na chumvi nyingine, la sivyo itadhuru seli na utalaumu peptidi bure. Zinazotoka kwenye meza yetu ni safi kuliko 98%, na hilo ninajivunia mbele ya yeyote.

Hata hapo hujapata dawa. Tunaitikisa protini kwenye joto la digrii 37 pamoja na thioflavini T, rangi inayong'aa ikikutana na nyuzi zile. Mng'ao ukipungua watu hushangilia mapema. Huenda peptidi imeifukuza rangi tu na nyuzi ziko palepale, kwa hiyo lazima uangalie kwa hadubini ya elektroni. Mbaya zaidi, unaweza kuzuia nyuzi ndefu ukaacha mabonge madogo ya protini, ambayo ndiyo yanayodhaniwa kuua seli zaidi. Anayeruka kipimo cha seli hajui anachokiuza.

Sasa fikirieni chupa ya yule bwana, iliyokaa juani sokoni. Peptidi ya kawaida ikiingia mwilini, vimeng'enya huikatakata kwa dakika, figo hutoa mabaki, na ukuta kati ya damu na ubongo hauipitishi ila kidogo sana. Ndiyo maana wengine wanatumia asidi amino za umbo la kinyume, kama sura kwenye kioo, zile za D, ambazo vimeng'enya havizikati kirahisi. Unga mweupe wowote unafanana na peptidi. Papa atachomwa kitu ambacho hakuna anayekijua.

Nimetuma pesa ya vidonge vya levodopa yenye karbidopa, dawa ya kweli ya Parkinson, ya miezi mitatu, na ya daktari wa neva. Hiyo haizuii protini kuharibika, lakini mikono na miguu itamtii. Ameze nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula. Sambaza (wale samaki wadogo wa ziwa), maharage na nyama zina protini inayogombania na dawa njia ile ile ya kuingia, basi bugali na samaki visikutane na kidonge. Vidonge vya chuma navyo vikae mbali. Kichefuchefu kikimpata, mpeni biskuti kidogo. Asiache ghafla hata siku moja kwa sababu zimeisha. Homa na kukakamaa vinaweza kumwua. Niambieni zikibaki za wiki mbili.

Ninatamani hizo sambaza kuliko mnavyodhani. Huku samaki hana harufu ya ziwa.

Shamba la Bagira tutaliongea nikija, si kwa simu, na lisiuzwe kwa kisingizio cha dawa. Yaya, nitumie picha ya boksi la vidonge kabla hujalipa, upande wenye tarehe.

Mdogo wako,
Baraka