Tuwaulize walimu kabla ya kuwanunulia zawadi

Mhariri,

Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 5 Oktoba tangu mwaka 1994, inapokaribia, nawaomba wazazi wenzangu wa Dar es Salaam tuwaulize walimu wanachohitaji kabla ya kukimbilia Kariakoo kununua vikombe. Dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi, ana kabati lililojaa vikombe asivyovitumia, ilhali barua moja ya mzazi, iliyoeleza jinsi mtoto wake alivyoanza kupenda kusoma, ameihifadhi pamoja na vyeti vyake. Fedha ikiwepo, tuchangiane tumpe mwalimu doti ya khanga aliyoichagua mwenyewe, nayo itolewe baada ya matokeo ya mitihani kutangazwa, bila kumtaja mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam