Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya Zanzibar: kliniki ya wajawazito ifuate maji

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Micheweni, Pemba. Wapo watoto wetu wanaozaliwa na uzito mdogo, chini ya kilo 2.5, na katika sababu zake, saa za kliniki nazo zimo.

Sisi wakulima wa mwani tunafuata maji. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari hupwa sana kwenye saa nne asubuhi. Ndipo tunapofunga mwani kwenye kamba na kuvuna. Na kliniki kwetu ni asubuhi tu. Ukipanda kutoka pwani mchana, daftari limeshafungwa. Mwenye mimba ya miezi mitatu afanye nini? Akiacha kamba zake, mwani unakatika na kuchukuliwa na mkondo. Basi kliniki ndiyo inayosubiri, mpaka tumbo liwe kubwa. Wapo pia wanaoficha mimba changa kwa kuogopa hasadi, sikatai, lakini hao wakwe zao watawabembeleza. Maji hayabembelezwi.

Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito aonwe mara 8, ya kwanza isipite wiki ya 12, na ameze vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kila siku. Wingi wa damu (hemoglobini) ukishuka chini ya gramu 11 kwa desilita, mtoto tumboni huweza kukosa hewa ya kutosha, akadumaa au akazaliwa kabla ya siku zake. Malaria, safura, presha, mimba za kufuatana, yote haya yanataka mama aonekane mapema.

Jirani yangu alibeba magunia ya mwani mbichi hadi mimba yake ilipofika mwezi wa nane. Chakula chake muhogo na chai ya rangi, asubuhi na jioni, na udongo wa kutafuna kafunga kwenye pindo la kanga. Kadi yake inaonyesha hudhurio la kwanza mwezi wa saba, damu gramu 8. Mtoto alikuja na kilo 1.9. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma kuingia mwilini, na kwamba ndimu inasaidia. Ndimu, Mheshimiwa, hapa Pemba!

Siombi hospitali mpya. Kliniki za shehia za pwani zipangwe siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, au siku za bamvua zifunguliwe alasiri. Kalenda ya maji kila mvuvi anayo kichwani. Kipimo cha damu kiwepo siku zote, maana kufunua kope na kutazama si kupima. Na mhudumu wa afya wa jamii, anayepita nyumba kwa nyumba akitukosa, apewe vidonge atufuate ufukweni.

Ukipata nafasi, njoo siku ya bamvua, saa nne. Anzia kliniki uone mabenchi, kisha shuka pwani uhesabu wajawazito.

Wako,
Mkulima wa mwani, Wilaya ya Micheweni