Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Waandika Alama za Kriketi

Ndugu wanachama, wazee wetu, na vijana mliojiunga mwaka huu, itifaki imezingatiwa.

Habari za fedha mtazisikia kwa mweka hazina, naye amejiandaa vizuri kuliko mimi. Nitasema tu kwamba ada zimelipwa, deni la vitabu vipya vya alama limekwisha, na ligi ya vijana imechezwa hadi mwisho licha ya mvua. Waliokesha kurekebisha hesabu za mechi za wikendi, asanteni sana.

Muda uliobaki naomba niutumie kwa mtu mmoja ambaye jioni zetu za mafunzo mwaka huu zilimzunguka yeye: Bhausaheb Nimbalkar wa India. Wengi wenu mlikuwa hamjawahi kulisikia jina lake, na sishangai, maana hakucheza hata mechi moja rasmi ya Testi, yaani zile mechi ndefu za timu za taifa.

Alizaliwa Kolhapur mwaka 1919. Alianza kucheza mechi za daraja la kwanza, yaani mechi za siku kadhaa za ngazi ya juu, msimu wa 1939-40 na akadumu uwanjani hadi miaka ya 1960, akizichezea timu za Baroda, Maharashtra, Holkar, Rajasthan na Reli ya India. Alikuwa mpigaji kwanza, lakini pia alirusha mpira na hata kudaka nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu, ilipobidi. Katika Kombe la Ranji, mashindano ya kitaifa ya India, wastani wake ulipita mikimbio (pointi) 56 kwa kila kutolewa. Mwandika alama yeyote hapa anajua uzito wa wastani kama huo kwa mtu aliyecheza zaidi ya miaka 20.

Desemba 1948, mjini Poona (leo Pune), Maharashtra walikutana na Kathiawar. Kathiawar walitolewa wote kwa mikimbio 238. Nimbalkar akaingia, na yeye na mpigaji mwenzake Bhandarkar wakaongeza 455 kabla mpigaji wa pili hajatolewa. Bhandarkar akatoka na 205. Nimbalkar akaendelea. Dakika 494 akiwa kwenye krizi, mahali pa kupigia, na mipira iliyofika mpakani: 49 ya mikimbio minne na mmoja wa sita. Jioni ile tulipozijumlisha pamoja mliona wenyewe: mipira ya mpakani ilimpa 202 tu. Mikimbio 241 ilikuwa ya miguu, kwenda na kurudi, juu ya pedi nzito za zama zile.

Alikuwa amefika 443. Rekodi ya dunia ya mikimbio ya mpigaji mmoja katika zamu moja ilikuwa ya Don Bradman wa Australia, 452, tangu mwaka 1930. Ukaja wakati wa mapumziko, Maharashtra wakiwa na 826, wapigaji wanne tu wakiwa wametolewa. Nahodha wa Kathiawar, mtawala wa Rajkot, akaona timu yake isije ikaandikwa katika historia kwa aibu. Wakakubali kushindwa, wakaondoka. Nimbalkar hakurudi kupiga. Alihitaji mikimbio tisa kuifikia rekodi, kumi kuivuka.

Mimi ninamfikiria pia mwandika alama wa siku ile. Penseli mkononi, mstari mrefu kuliko wote aliopata kuujaza, na mbele yake visanduku vitupu.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu mwaka huu lilitokea kwetu. Katika mechi moja ya ligi, kijana wa miaka 15 alikuwa na 94, akibakiza sita kufika mia. Wapinzani waliona mechi imewashinda, wakafunga mabegi wakisema daladala waliyoikodi imefika. Niliketi mezani siku hiyo. Yule mtoto alibaki katikati ya uwanja na helmeti kichwani, akingoja mpira urushwe, hadi mwalimu wake alipomfuata na kumshika bega. Sina kanuni niliyoweza kuwaonyesha wale waliokuwa wakiondoka, na kosa hilo ni letu sisi kamati, si la timu.

Ndiyo maana ajenda namba nne inaomba kanuni mpya: timu isiondoke uwanjani wakati mpigaji wa upande wa pili bado anapiga, isipokuwa kwa mvua, giza au ajali. Nimbalkar hakupata kanuni ya kumlinda. India ilimpa tuzo ya C. K. Nayudu, ya heshima kwa kazi ya maisha yake katika kriketi, mwaka 2002, akiwa amekwishapita miaka 80, na akafariki Kolhapur Desemba 2012, siku moja kabla ya kutimiza miaka 93. Hadi leo hakuna Mhindi aliyezifikia zile 443 katika mechi za daraja la kwanza.

Jambo la mwisho ni kabati letu. Mchwa wamekula pembe za vitabu viwili vya zamani. Kuanzia mwezi ujao kila ukurasa utapigwa picha, na ninaomba watu wawili wenye simu zenye kamera nzuri wajiandikishe kwa katibu.

Kitabu chenye ile 94 nimekuja nacho. Kipo meza ya mbele, kimefunguliwa. Pitieni mkitazame kabla hatujapiga kura.