YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHAI YENU YA KUPUNGUZA MWILI NA UDHALILISHAJI NILIOFANYIWA OFISINI KWENU

Kwa Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Nitajitahidi kuandika kwa adabu niliyolelewa nayo, ingawa kwenu sikuiona.

Sera yenu ya kurudisha fedha ndani ya siku 30 mnaijua, mmeibandika wenyewe ukutani nyuma ya kaunta, sina haja ya kuwasomea. Nilikuja muda ukiwa haujaisha, na maboksi yaliyobaki yakiwa hayajafunguliwa, pamoja na karatasi ya hospitali nilikotibiwa baada ya kuinywa chai yenu. Nilichodai siku ile ni shilingi 185,000 nilizolipia kifurushi. Basi. Ningepewa changu ningekwenda zangu.

Kilichotokea ni hiki. Kijana wenu wa kaunta, ambaye kwa umri ni wa kunipa shikamoo na hakunipa, karatasi ya hospitali hata hakuitazama. Aliisogeza pembeni kwa kidole, akaiburuta ile mizani yenu ya maonyesho mpaka katikati ya ukumbi, mbele ya watu waliokaa wakisubiri semina, akasema kwa sauti: "Mama, hebu panda hapa tuone, mbovu ni chai au ni ugali wa usiku?" Watu wakacheka. Binti wa mapokezi akacheka. Nikapanda, kwa sababu aliniambia bila uzito mpya fomu ya madai haijazwi. Akaunadi uzito wangu kama dalali wa mnada. Fomu hakuijaza.

Sasa tuje kwenye chai yenyewe. Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari, mtaniwia radhi kwa hesabu. Tangazo lenu linaahidi kilo 10 kwa siku 14, bila mazoezi na bila kuacha chakula ukipendacho. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Kilo 10 ni 77,000. Gawanya kwa 14, unapata 5,500 kila siku. Mwanamke wa kawaida anatumia kama 2,000 kwa siku nzima, kufua na kupanda daladala zikiwemo. Kwa hiyo hata ningefunga wiki mbili mfululizo bila daku wala futari, nisingefikisha kilo nne za mafuta. Mwanafunzi wa kidato cha pili angewakatalia hesabu hii ubaoni. Ninyi mmeichapa kwenye bango.

Basi zile kilo zilizoshuka mwanzoni, ambazo wakala wenu alinipongeza nazo, zilikuwa kilo za nini? Nyuma ya boksi, kwa maandishi yanayohitaji miwani juu ya miwani, mmeandika jina la kitaalamu la sanamaki. Sanamaki, Ndugu Meneja! Inauzwa Kariakoo kwa wauza dawa za asili kwa fedha ya kawaida kabisa, na kila aliyelelewa Pwani anajua kazi yake ni kuendesha tumbo. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kikifika huko, nguvu yake karibu yote mwili umeshaichukua kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni choo, maji na chumvi za mwili. Ukinywa maji, uzito unarudi. Kitambi, au "nyama uzembe" kama mnavyopenda kuiita kwenye matangazo yenu, hakijaguswa.

Wakala wenu alijua kwamba natumia dawa ya presha, ile ya kukojoza. Nilimwuliza kabla sijatoa hata senti, na jibu lake ninalo kwenye simu: "Haina shida mama, ni mitishamba tupu." Nilipoanza kuharisha mfululizo na misuli ya miguu kukaza usiku, nilimwandikia tena. Jibu: "Hizo ni sumu zinatoka mama, ongeza kikombe cha asubuhi." Ongeza kikombe! Mtu analalamika anaharisha, anaambiwa aongeze kinachomharisha.

Daktari alinieleza jambo ambalo kampuni inayouza bidhaa hii ilipaswa kulijua kabla ya kuchapa boksi la kwanza. Dawa ya kukojoza ya aina ninayotumia inashusha madini ya potasiamu mwilini. Kuharisha kunaishusha zaidi. Ikishuka sana, mapigo ya moyo yanavurugika. Hivyo ndivyo nilivyokutwa. Nikatundikiwa dripu, nikafungwa nyaya za mashine ya moyo kifuani, na binti yangu akalala kwenye benchi la korido. Daktari akaniambia pia kwamba sanamaki ni dawa ya mtu aliyekosa choo, ya kutumia siku chache, isizidi wiki moja au mbili bila kuonwa na daktari. Kifurushi chenu ni cha miezi mitatu.

Na mgonjwa aliyetoka huko ndiye mliyempandisha kwenye mizani. Narudia kulisema hili kwa sababu nilipopiga simu ofisini kwenu niliambiwa ni "utani wa vijana". Utani? Nilikuwa bado na plasta ya dripu mkononi. Binti yangu alikuwa amenishika kiwiko nisianguke. Kijana wenu aliniambia nivue viatu, nikavua. Akaniambia nivue na mtandio, eti nao una uzito. Nikakataa. Akasema, "Basi mtandio tutakutolea gramu mia mbili, mama," wakacheka tena. Nikasimama peku juu ya kile chuma, mbele ya watu nisiowajua na mmoja ninayemjua, mzazi wa mwanafunzi wangu, aliyeinamia simu yake kwa aibu aliyoiona kwa niaba yenu. Ndipo kijana akatangaza: "Tisini na moja na nusu!" Akawageukia waliokaa: "Mnaona? Huyu hakufuata maelekezo." Binti yangu akamwambia, "Kaka, mama ametoka hospitali juzi tu." Akajibiwa: "Basi mrudi huko huko, hapa ni ofisi."

Unene wangu si kosa la jinai, Ndugu Meneja. Na hata kama ungekuwa, hakimu si kijana wa kaunta.

Kuna suala la risiti pia, ambalo ilikuwa nilitangulize. Siku niliponunua nilipewa karatasi ya kuandikwa kwa mkono, nikaambiwa mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, haina mtandao. Siku niliyodai fedha yangu, kijana yuleyule akasema bila risiti ya EFD mfumo haukubali kurejesha malipo. Yaani risiti mliyokataa kunipa ndiyo mnayonidai.

Jioni ya siku hiyohiyo, kabla sijafika nyumbani, video yangu nikiwa juu ya mizani ilikuwa kwenye status ya WhatsApp ya wakala wenu mmoja, sura yangu wazi kabisa, na chini pameandikwa: "Wanakula usiku halafu wanalaumu chai." Nimeihifadhi. Wanafunzi wangu nao wameiona. Najua kwa sababu nilipoingia darasani asubuhi yake palikuwa kimya, na darasa lile halijawahi kuwa kimya.

Kwa hiyo madai yangu si yale niliyokuja nayo. Shilingi 185,000 bado nazitaka, zote. Nataka pia gharama za hospitali, nakala zake nimeambatisha. Nataka video ifutwe kwa kila wakala aliyeisambaza. Nataka kijana yule aniombe radhi kwa maandishi, yenye sahihi yake na yako, siyo kwa simu wala kwa ujumbe wenye vikatuni. Bango la kilo 10 kwa siku 14 litoke ukutani na mitandaoni, na kwenye boksi iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, kwamba ndani mna sanamaki na kwamba anayetumia dawa ya presha ya kukojoza asiinywe kabla ya kumwona daktari wake.

Tena nataka cheti cha maabara. Mwaka 2010 sibutramini, dawa ya kupunguza uzito, iliondolewa kwenye soko la Ulaya na la Marekani kwa sababu ya hatari zake kwa moyo, na mpaka miaka hii bado inakamatwa ikiwa imechanganywa kimyakimya ndani ya chai na vidonge vinavyoitwa vya mitishamba. Simsingizii mtu. Nataka karatasi, kama ninyi mlivyotaka risiti.

Boksi lenu linasema hiki ni chakula lishe. Wakala wenu anasema kinatibu kisukari na kushusha presha. Kama ni chakula, mwenye kazi ni Shirika la Viwango, TBS. Kama kinatibu, ni dawa, na mwenye kazi ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mimi siwezi kuwachagulia, kwa hiyo nitapeleka maboksi yangu kote kuwili. Tangazo nitalipeleka Tume ya Ushindani, FCC, maana sheria ya mwaka 2003 ya kumlinda mlaji dhidi ya matangazo ya uongo ipo na inasomeka. Video itakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sheria ya mwaka 2022. Karatasi ya mkono itakwenda Mamlaka ya Mapato, TRA, na wale hawatahitaji maelezo marefu kutoka kwangu.

Nilipanga kuwapa siku 14, zilezile mlizoniahidi kilo 10. Nimeisoma barua hii upya kabla ya kuweka sahihi, nikafika tena pale pa mtandio, na nimebadili. Nawapa siku 7 tangu mtakapogonga mhuri wa kupokea. Siku ya nane msinipigie simu. Mtazungumza na wakili, na shilingi 185,000 litakuwa dai dogo kuliko yote.

Wenu katika kudai haki,

Mwalimu, mteja wenu wa Temeke

Viambatisho: karatasi ya hospitali na stakabadhi zake, ujumbe wa wakala, picha ya nyuma ya boksi, karatasi ya malipo ya kuandikwa kwa mkono, nakala ya video.