Daktari, nimruhusu mwanangu arudi bweni?

Daktari, pole na kazi. Na wasomaji wenzangu, habari zenu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Shule zinafunguliwa Julai, na mimi na mume wangu hatujaelewana kuhusu mtoto wetu wa kwanza. Ana miaka 15.

Mwaka jana, msimu kama huu wa baridi na upepo wa vumbi, alirudi nyumbani na mafua. Dodoma mwezi wa saba nani hana mafua? Nikampa chai ya tangawizi na dawa ya maumivu. Wiki ikapita, makamasi yakawa mazito ya kijani, na kichwa kinamuuma hapa juu ya nyusi, zaidi akiinama kufunga viatu. Bibi yake akasema ni kipandauso, akamfukiza. Mimi nikaenda duka la dawa nikanunua amoksilini kapsuli sita, maana hela niliyokuwa nayo ilitosha hizo tu. Akapata nafuu siku mbili nikamshukuru Mungu. Nafuu ile inaniuma mpaka leo.

Siku ya kumi na mbili aliamka paji la uso limevimba. Hakugongwa, hakuumwa na mdudu. Nilibonyeza kwa kidole gumba, nilipokitoa shimo likabaki pale kama nimebonyeza unga uliokandwa. Zahanati wakapima malaria, hana. Wakasema ni taifodi, tukarudi na sindano. Usiku akatapika, akawa anajibu polepole kama mtu aliyekatishwa usingizi. Asubuhi nikampa uji, kikombe kikamponyoka mkono wa kulia. Nikamjazia kingine, nacho kikaanguka. Akanitazama akasema, "Mama, mkono hausikii." Bajaji haijafika, degedege likamshika.

Kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kilionyesha usaha upande wa kushoto, kati ya ubongo na utando unaoufunika. Daktari alinichorea nyuma ya karatasi: ndani ya mfupa wa paji la uso kuna vyumba vya hewa vinavyofunguka puani. Vikijaa usaha, unaweza kula mfupa ukatokeza nje kama ule uvimbe, au ukaingia ndani kwa vijishipa vya damu visivyo na vali, ambavyo damu hupita huku na huku. Alisema huwapata zaidi vijana wa umri wa balehe, hasa wavulana. Uvimbe wenyewe una jina la Pott, daktari mpasuaji wa Uingereza wa karne ya 18. Nililia niliposikia hivyo. Jambo limejulikana miaka yote hiyo, na sisi tulikuwa tunachomwa sindano za taifodi.

Walimfungua fuvu usiku uleule. Antibayotiki za mshipani zilikwenda wiki sita.

Leo mkono umerudi, anaandika ingawa taratibu. Kovu limefichwa na nywele. Anameza vidonge vya kuzuia degedege asubuhi na jioni, na la mwisho lilimpata Septemba. Baba yake anasema mtoto amepona, arudi bweni kule Kongwa, na vidonge aache, maana wenzake wakiviona watamwita mwenye kifafa. Simlaumu. Aliuza ng'ombe watatu, akalala kwenye benchi la wodi siku nyingi, anatamani yaishe. Ila mimi naliona lile bweni: vitanda vimebanana, mmoja akipata mafua wote wanapata, na matroni ana boksi la dawa za maumivu basi. Juzi mdogo wake alipiga chafya, nikamwamsha saa nane usiku nimbonyeze paji la uso. Najua hii nayo si afya.

Naomba unisaidie, Daktari. Vidonge vinaachwaje, na ni nani wa kuamua? Kliniki yetu ni Agosti, na baba yake anataka viachwe sasa. Pili, mafua ya kawaida nitayatenganishaje na yale? Uvimbe wa paji au jicho, kutapika, usingizi usio wa kawaida, mkono au mguu kulegea, hizo nimezijua kwa uchungu na sitasubiri tena. Ninachotaka kujua ni kabla ya hapo: siku ngapi za mafua ndiyo nimpeleke, na niombe aangaliwe nini ili nisirudishwe tena na sindano za taifodi? Tatu, nimwandikie nini matroni, kwa maneno machache atakayoyabandika ukutani, bila mtoto kutengwa?

Na wazazi ambao watoto wenu wamepasuliwa kichwa, mliwarudisha bweni baada ya muda gani? Au mliwahamishia kutwa?

Yeye mwenyewe anataka kwenda. Jana nimemkuta ameshapanga tranka, daftari chini, sare juu, na vidonge amevificha ndani ya soksi.

Mama wa watatu,
Nkuhungu, Dodoma